Neno Fahamu katika Uhakiki wa Riwaya

Wahakiki wengi wa riwaya ya Kiswahili hutumia fahamu, ufahamu, maarifa na elimu kana kwamba ni visawe. Mazoea haya yana hasara yake, hasa kwa msomaji wa Kezilahabi.

Asili ya neno fahamu haina utata mkubwa. Mzizi wake ni f-h-m wa Kiarabu, na nomino fahm, yaani uelewa, ilisilimishwa kwa utaratibu ule ule uliozaa hukumu kutokana na hukm na elimu kutokana na ilm: irabu ya mzizi hurudiwa ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, kisha /u/ huifuata /m/ ya mwisho (elimu imelegeza irabu yake ya kwanza tu). Kitenzi nacho kimekataa irabu ya ukanushi ya Kibantu. Husemwa sifahamu, wala si *sifahami, ingawa minyambuliko kimeipokea bila ukaidi: fahamika, fahamisha, fahamiana.

Lililo zito zaidi ni safari ya maana. Katika Kiarabu, aliyezirai husemwa amepoteza wa'y, fahm haihusiki. Mswahili husema amepoteza fahamu, na azindukapo, fahamu zimemrudia, kwa wingi, mfano wa jamaa waliokuwa wametawanyika. Ndiyo sababu macho, masikio, pua, ulimi na ngozi huitwa milango ya fahamu. Dhana iliyokuwa ya akili imeshuka mwilini. Aidha, kamusi ya Johnson ya 1939 inataja kukumbuka miongoni mwa maana za neno hili, na ladha ya maana hiyo ingali hai katika tenzi za mawaidha, ambamo amri "fahamu" humtaka msikilizaji aelewe na papo hapo ahifadhi moyoni.

Ufahamu, kwa upande wake, umebanwa na darasa. Katika mtihani wa KCSE ni kifungu na maswali yake, na yamkini wapo wanaofika chuo kikuu wakidhani kuwa kufahamu ni kujibu.

Kichwamaji (1974) yaidhihirisha hasara hiyo. Kazimoto, msimulizi, ni mwanafunzi wa chuo kikuu; elimu anayo. Mhakiki anayemweleza kwa istilahi ya maarifa pekee, yawe yamempungua au yamemlemea, ametumia neno la shuleni kwa jambo linalovuka mipaka ya shule. Hoja ya elimu ya kigeni ina uzito wake, lakini inaeleza tu namna Kazimoto alivyotengana na watu wake. Haielezi kwa nini hapati pumziko. Maarifa mtu huweza kuyaweka kando jioni, kama vitabu. Kazimoto ataweka wapi macho yanayouona ubatili wa maisha, na kumbukumbu isiyomwachia? Anapojiua, fahamu hiyo ndiyo anayoizima.