Fundi wa Kamba

Nzega, Igunga na Uyui, mkoani Tabora, msimu wa kilimo, watu husifu plau na nguvu za maksai wanaolivuta. Ni haki yao kusifiwa, kwa maana wawili waliofunzwa vyema huiokoa familia nzima na kuinamia jembe la mkono. Mimi namsifu aliyetangulia plau: fundi aliyemshika maksai mbishi kwa kamba mpaka akakubali kuongozwa.

Humchagua dume aliyehasiwa, wa miaka mitatu hivi, mifupa imekomaa lakini ukaidi haujaota mizizi. Humfunga kamba kwenye pembe, na ncha ya pili kwenye shina la mti imara. Maksai huruka, hujibwaga chini, huvuta hadi macho yakamtoka pima. Fundi husimama karibu, fimbo chini. Mti haukasiriki wala hauchoki, na ng'ombe hutambua mwenyewe kwamba akivuta anaumia, akisogea anapata nafuu. Wengi hushindwa hapa hapa, kwa kukosa subira ya kuuachia mti ufundishe.

Kisha humfungua na kutembea naye, na hapo ndipo mikono hupambanuka. Mwenye pupa huikaza kamba muda wote, na mnyama huzoea kushindana naye. Fundi hukaza, na mguu wa kwanza ukija mbele tu, hulegeza papo hapo. Akichelewa, ng'ombe hajui ametendewa wema kwa lipi. Kulegeza kwa wakati wake ndiko kiini cha kazi hii, na sijaona kitabu kinachoweza kumpa mtu mkono huo. Kila siku humwita kwa jina lile lile, humkuna shingoni na chini ya nundu. Aliyezidi ubishi hufungwa nira pamoja na maksai mkongwe, ambaye hutembea tu, mwenzake apende asipende. Wa kulia hubaki kulia, wa kushoto kushoto. Huburuta gogo kwanza. Plau huja baadaye.

Ufundi huu una uzito wa pekee Tabora. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia hapa hadi Ujiji ilitegemea mabega ya watu. Ng'ombe walikuwapo Unyamwezi, ila mbung'o wa porini waliwaua wanyama wa mizigo njiani. Mwaka 1877 wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na maksai kutoka Saadani. Maksai wakafa, na safari ya kwenda Ujiji ikaendelea kwa wapagazi. Pembe za ndovu, nguo na shanga zilipita mabegani mwa Wanyamwezi kwa miongo mingi. Reli ilikuja kufika Tabora mwaka 1912 tu. Kwa hiyo nikiona mkokoteni wa maksai umesheheni magunia ya mahindi, na kijana ametangulia mbele kamba ikining'inia mkononi, naona mzigo ulioshuka begani mwa binadamu. Aliyeushusha ni mfunza ng'ombe, ingawa hakuna mnara wenye jina lake.

Basi wenye maksai wachanga, msingoje mvua za Novemba ndipo mtafute kamba. Anzeni kiangazi, mashamba yakiwa yamelala, mwiteni fundi wa kijiji chenu, mumlipe kama mnavyomlipa fundi mwingine yeyote, na mwambatanisheni na kijana wa kurithi mkono wake.