Ukomo wa Kungoja katika CORBA: Tahakiki kwa Mfano wa Mfongo wa Kilimanjaro

CORBA, kiwango kilichotolewa na Object Management Group mwaka 1991, kilikusudia programu iite kitu kilicho katika kompyuta ya mbali kana kwamba ni chake cha jirani. Waldo na wenzake walilipinga wazo hilo mwaka 1994: umbali huleta kushindwa kwa sehemu, na hakufichiki. Ukomo wa kungoja jibu ndipo hoja yao inapothibitika.

Ukomo huo hupimwa kwa vipande vya nanosekunde 100, lakini usahihi wa saa si usahihi wa maarifa. Muda ukiisha, mteja huacha kungoja, ilhali seva yaweza kuendelea na kazi. Kiwango chenyewe chakiri hivyo, kwani hitilafu zake hubeba hali tatu: imekamilika, haikukamilika, au huenda imekamilika.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwenye kihamba cha mwisho kwenye mfongo akiona mfereji mkavu katika zamu yake, hajui kama banio limefungwa au maji yako njiani. Ukavu haumwambii, hana budi kupanda kukagua.

Kwa hiyo, kumfundisha mwandishi wa programu achague sekunde ngapi, bila kumfundisha la kufanya na “huenda”, ni kasoro. Ombi la kusoma salio hurudiwa bila madhara. Ombi la kutoa fedha likirudiwa bila namba ya utambulisho, akaunti yaweza kukatwa mara mbili. Njia ya kukagua itangulie, sekunde zifuate.