'Kusambaza' si kusimika: Kitenzi kinachowapotosha wanagenzi wa seva

KIJANA mmoja wa Ngaremara, hapo nje ya mji wa Isiolo kwenye barabara ya kuelekea Moyale, aliulizwa na mamake anafanya kazi gani hasa. Akajibu, "Nadiploi programu kwa seva, mama." Mama akamtazama: "Hiyo ni kazi ama ni ugonjwa?" Tulicheka sote. Lakini kijana hakuwa na neno lingine la kumpa.

Na 'seva' sina ugomvi. Hata jina Ngaremara limebeba 'ngare', yaani maji kwa Kimaa, na wengi wanaolitamka kila siku ni Waturkana. Neno likishapata makao, liache. Ugomvi wangu ni kuhusu kitenzi.

Tafsiri ninazokutana nazo husema 'kusambaza' au 'kupeleka'. Hebu tuzipime kwa zana moja nyepesi, Kamal, iliyotolewa na kampuni ya 37signals mwaka wa 2023. Unaiendesha kwenye kipakatalishi chako. Kwa amri moja inaunda kifurushi cha programu, inakiweka kwenye ghala la mtandaoni, inaingia kwenye seva na kuiagiza ikivute. Kisha inaliwasha toleo jipya, inangoja lijibu kwamba liko hai, ndipo inawahamishia watumiaji huko na kulizima toleo kuukuu.

Sasa, 'kusambaza' kumegusa nini hapo? Mkenya akisikia 'sambaza' anawaza kredo: umemgawia mwenzako, basi, umemaliza. Kijana wetu alimaliza hivyo hivyo. Alipokuwa mwanagenzi alifuata mwongozo uliotafsiriwa kwa neno hilo, akanakili faili hadi kwenye seva, akafunga mashine, akalala. Mteja akaamka na toleo la jana. Faili zilikuwa zimefika, ila hakuna aliyeziwasha. Huyo hakukosa akili bana, alitii kitenzi.

Mimi napendekeza 'kusimika'. Nguzo ya stima ikishushwa kutoka kwa lori kando ya barabara haijasimikwa. Huchimbiwa shimo, husimamishwa, hushindiliwa, na waya hauguswi kabla mafundi hawajaitikisa wakaona imeshika. Watanzania husema 'kusimika mitambo' na hakuna anayewashangaa. Wapo watakaonikumbusha 'kusakinisha'. Hilo limeshazoeleka kwa programu ambayo mtu anajiwekea kwenye simu au kompyuta yake. Tukilibebesha na kazi hii tutazua mkanganyiko mwingine.

Kuhusu skripti kuitwa 'hati', nitasema machache. Hati Isiolo ni ya shamba, na huwekwa sandukuni. Skripti huendeshwa. Ibaki skripti.

Kinachoniuma ni jina la zana yenyewe. Kamal ni kibao kidogo chenye uzi wa mafundo ambacho manahodha wa majahazi ya Bahari ya Hindi walitumia kupima kimo cha Nyota ya Kaskazini, uzi wameubana kwa meno. Ni neno la Kiarabu, la mzizi mmoja na 'kamili' yetu. Wageni wamechota jina kwenye bahari hii hii, sisi tukabaki na 'kudiploi'.

Nilimwomba kijana ajaribu tena. "Mama, nasimika programu kwa seva." Mama akatikisa kichwa taratibu. "Na hiyo seva iko boma gani?"

"Ujerumani."

"Na usiku inalindwa na nani?"