Siku Tulivu: Fani ya Safu Moja ya Eleanor Roosevelt

Safu ya tarehe 27 Februari 1939 inaanza kwa utulivu. Eleanor Roosevelt amewasindikiza kwa gari marafiki wanaokwenda kupumzika Florida; sasa amerudi White House, barua zimerundikana, na anatumai kuzimaliza mapema ili jioni asome bila kusumbuliwa. Msomaji mgeni wa safu hii, My Day, angedhani kwamba mke wa rais hana jambo zito siku hiyo. Kinachofuata ni kujiuzulu kwake kutoka jumuiya ya Daughters of the American Revolution, iliyokuwa imemnyima Marian Anderson, mwimbaji mashuhuri Mweusi, nafasi ya kuimba katika ukumbi wake wa Constitution Hall, Washington.

Lakini jina la jumuiya halimo. La Anderson halimo, la ukumbi halimo, wala hakuna neno hata moja kuhusu rangi. Mwandishi anaanza na swali, tena kwa nafsi ya pili: ukiwa mwanachama wa chombo ambacho kitendo chake hukikubali, ujitoe, au ubaki upiganie mabadiliko ukiwa ndani? Swali likishakuwa la msomaji, mwandishi anarejea kwenye nafsi ya kwanza na kukiri kwamba desturi yake ni kubaki, kupigana, kushindwa, na hata kukubali kwamba pengine aliwatangulia mno wenzake. Sentensi hizi ni ndefu na zimejaa vishazi vya tahadhari, kama za mtu anayeitafuta kila sababu ya kutoondoka. Kisha mkondo unageuka na sentensi zinafupika. Humo hana kazi anayoweza kuifanya. Kitendo kimekwisha kujadiliwa sana magazetini. Kubaki ni kukiridhia. Kwa hiyo anajiuzulu. Kitenzi hicho cha mwisho kiko katika wakati uliopo, na kwa kukiandika tu tendo lenyewe linatimia mbele ya macho yetu.

Nguvu ya aya hii, kwa maoni yangu, inatokana na siku zote kavu zilizoitangulia. Safu ilianza Desemba 1935, ikatoka siku sita kwa wiki kwa miaka mingi, na ilidumu hadi 1962, mwaka aliofariki. Sehemu kubwa yake ni wageni, safari na chakula cha mchana, na wahakiki wanaoidharau kwa sababu hiyo wanakosa kuona kazi ya ukavu huo. Mtu asiyechaguliwa na yeyote hana jukwaa la kisiasa lililo lake; shajara ilimpa mahali ambapo uamuzi wa kisiasa ungeweza kuingia kama tukio jingine la siku, ukibebwa na sauti ambayo wasomaji walikwisha kuizoea. Miaka tisa baada ya kujiuzulu huko, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, alisimamia uandishi wa Azimio la Haki za Binadamu lililopitishwa Paris tarehe 10 Desemba 1948 kwa kura 48, bila kura ya kupinga, nchi 8 zikijizuia. Matini hayo ni kazi ya wengi, wajumbe wenzake René Cassin, P. C. Chang na Hansa Mehta wakiwamo, lakini vifungu vyake vinavyomtaja kila mtu, kimoja baada ya kingine, vina unyofu uleule wa lugha.

Hata hivyo, ukimya wa 1939 una gharama yake. Unamlinda mwandishi dhidi ya shutuma za uchochezi, na papo hapo unamfuta mwanamke aliyedhulumiwa: katika matini yote, anayeteseka ni dhamiri ya mwanachama. Aliyeijaza nafasi hiyo ni Anderson mwenyewe, tarehe 9 Aprili, Jumapili ya Pasaka, alipoimba kwenye ngazi za Lincoln Memorial mbele ya watu wapatao 75,000. Roosevelt hakuwapo. Julai mwaka huohuo, huko Richmond, Virginia, alisimama hadharani kumkabidhi mwimbaji huyo medali ya Spingarn ya NAACP, jumuiya ya kutetea haki za Wamarekani Weusi, na hapo jina lilitajwa.