Neno "Sharkara" na Sukari Yetu

Katika kamusi zetu, penye neno sukari huandikwa "Kiarabu", kisha basi. Hatusemi kwamba ni uongo. Twasema kwamba safari imekatwa njiani, na mwalimu akiulizwa zaidi hana la kuongeza. Waarabu husema sukkar, nao walilipata kwa Waajemi wasemao shakar, na Waajemi walilitoa Bara Hindi, ambako Kisanskriti chake ni sharkara.

Maana yake ya kwanza si utamu hata kidogo. Sharkara ni changarawe. Shahidi wetu ni Panini, mwanasarufi aliyeishi kabla ya Kristo: katika kanuni zake aliliweka pamoja na sikata, yaani mchanga, akifundisha jinsi ya kuunda kwa majina hayo mawili maneno ya kusifu mahali penye mchanga au penye changarawe. Basi maji ya miwa yakichemshwa sana, kisha yakapoa, hufanya chembe ngumu. Watu walizifananisha na vijiwe, na jina likahamia jikoni.

Kisanskriti kina jinsi tatu za majina, na sharkara ni ya kike, yenye a ndefu mwishoni. Mwisho huo ndio ubadilikao: sharkaram ikiwa yatendwa, sharkaraya ikiwa ndiyo itumiwayo, sharkarayam ikiwa ni mahali. Tena kuna umoja, uwili na wingi. Kwetu sukari haitikisiki. Jirani zake ndio wabebao mzigo: sukari hii, sukari yangu.

Wako wapendao mno mambo ya kale hata wakasema kwamba neno letu ni la Kihindi. Hapo twakataa. Wahindi husema shakkar, na Wagujarati sakar. Kama tungalilipokea mikononi mwao, tungalitazamia a katika silabi ya kwanza. Ile u ni alama ya Mwarabu, nayo haifutiki.

Lakini sukari guru ni habari nyingine. Guru hili si mwalimu wa Kihindu, wala si neno la Kisanskriti lenye maana ya uzito, ingawa sauti ni moja. Ni gur ya Kihindi, itokayo katika guda ya Kisanskriti, yaani donge. Na kila aliyeinunua sokoni aijua kwa madonge yake. Hivyo changarawe na donge, majina mawili ya Bara Hindi, yamekutana katika kikapu kimoja, la kwanza likiwa limezunguka kwa Waajemi na Waarabu, la pili bila mzunguko huo.