Wapagazi Hawamo Mchezoni

H. G. Wells alichapisha Little Wars mwaka 1913: kitabu chembamba cha kanuni za kupigana vita sakafuni kwa vijiaskari vya kuchezea. Kuna askari wa miguu, wapanda farasi, na vimizinga vya springi vinavyorusha vipande vya mti kwelikweli. Kimeandikwa kwa raha, na hoja yake nzuri tu: afadhali vita vya kuchezea kuliko vile vya kuzikana.

Mwaka uliofuata vita vya kuzikana vikaanza, vikafika hadi huku kwetu. Kwa hiyo ukikisoma ukiwa Kiwira kinabadilika. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaiteka Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Hivi nani alibeba unga na risasi kwenye milima hii? Wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, waliokufa Afrika Mashariki wanatajwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa maradhi.

Katika kanuni kuu za Wells, askari hali chakula wala hachoki. Ndo maana mchezo unanoga, na ndo maana unadanganya.

Mimi ningeongeza kanuni moja: nyuma ya kila askari weka wapagazi wawili, wakiisha, asisogee. Mchezo utakuwa mzito, utachosha. Lakini angalau utafanana na vita vilivyopita hapa.