Kuhafifisha na Kupunguza

Twasoma katika barua na taarifa nyingi neno kuhafifisha. Waandishi wamelipenda kwa kuwa lasikika kama neno la vitabuni, nao huliandika po pote ukali wa jambo uliposhuka: njaa imehafifishwa, adhabu imehafifishwa, kosa limehafifishwa. Sisi twaona ya kuwa neno hili limetwikwa mizigo isiyo yake, na hasara yake si ya sarufi tu.

Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya wepesi wa uzani. Lakini katika Kiswahili kitu hafifu si chepesi tu. Nguo hafifu huchanika upesi. Mwanga hafifu haumfai msomaji. Na mtu akiambiwa ya kuwa hoja yake ni hafifu, hashukuru. Basi kuhafifisha jambo kwaweza kuwa kulipunguzia uzito, tena kwaweza kuwa kulidharau.

Sisi wenyewe tumekwisha kukosa hapa. Mbuzi wa jirani yetu mmoja waliingia katika shamba la mama mjane, wakala mahindi. Wazee wakamtoza yule bwana fidia, kisha, kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua, wakamwachia nusu. Tukapewa kazi ya kuandika, nasi kwa kupenda neno zuri tukaandika, "Kosa lake limehafifishwa." Barua iliposomwa, yule mama akauliza, "Mahindi yangu yamekuwa hafifu tangu lini?" Nusu ile hakuikataa, alilikataa neno. Ikatubidi kuandika upya, "Amepunguziwa fidia," naye akaridhika.

Tazameni tofauti. Katika amepunguziwa fidia, kilichopungua kimetajwa, nacho ni fidia. Aliyehurumiwa naye yumo katika kitenzi chenyewe, maana si kupunguza tu, bali kumpunguzia mtu. Kosa halikuguswa; limebaki vile vile lilivyokuwa siku mbuzi walipoingia shambani.

Wala hatuna uhaba wa maneno. Maumivu hutulizwa, hasira hupozwa, masharti hulegezwa, mgonjwa hupata nafuu. (Nafuu nalo ni la Kiarabu, na huko maana yake ni faida; kwetu hata bei yaweza kuwa nafuu, wala hatujasikia mtu aliyechukizwa nalo.)

Hatusemi kuhafifisha litupwe. Asemaye dawa imehafifisha homa hamkosei mtu, kwa kuwa homa haina mwenyewe atakayelalamika. Lakini kosa lina aliyekosewa, naye mara nyingi yuko pale pale barua isomwapo. Kwa hiyo waandishi wa mabaraza, na sisi walimu tuwaandikiapo wazazi habari za watoto, yatupasa kutaja waziwazi ni kitu gani kilichopunguzwa, na ni nani aliyepunguziwa.